Tundu la Mvua ya Ziwa

Wanawake wanaoanika ndagala kwenye ufuko wa Kimanga, mjini Uvira, hawana haja ya kutazama mbingu. Wanatazama kitenge cha Léocadie. Akikifungua tu na kukifunga upya juu ya magoti, hakuna anayeuliza kwa nini. Kila mmoja anakimbilia samaki wake, anawakunja ndani ya nyavu kuukuu walizoanikwa juu yake, anawafunika kwa turubai na kuweka mawe pembeni. Jiwe la mwisho likishawekwa, mvua inashuka.

Ndagala ni samaki mdogo, hapiti urefu wa kidole, na kazi yake haina msamaha. Jua la siku moja linatosha kumkausha hadi akalia kama changarawe mkononi. Lakini akinyeshewa akiwa nusu mkavu, anageuka uji wa rangi ya fedha ambao hata mbwa wanauzunguka kwa mbali. Ndiyo maana katika miezi ya mvua Léocadie ni mtu mkubwa hapo ufukoni. Wenye heshima zao humwita Mama Jeancy, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Wengine wote humwita Mama Meteo, kwa kuwa meteo kwao ni utabiri wa hali ya hewa.

Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini na minane, mwenye mabega mapana na sauti ndogo. Shule aliiacha darasa la tano. Ziwa alijifunza kwa kuishi nalo, kama mke anavyojifunza hasira za mume: alijua zinaanzia wapi, zinapitia wapi, na zikiisha anakuwaje. Mvua kubwa ya mchana, alisema, huanza na maji kunuka chuma. Kisha upepo unakufa. Kisha vilima vya Burundi, ambavyo siku zote vinaonekana wazi ng'ambo, vinafutika kimoja kimoja kuanzia kusini. Hapo ndipo mkono wake unapokwenda kwenye kitenge.

Lakini lililompa sifa zaidi ni lile aliloliita tundu. Mvua ya ziwa, kwa maelezo yake, hainyeshi moja kwa moja. Inamwaga, halafu radi inahama majini na kupanda milima ya Mitumba nyuma ya mji. Radi ikishanguruma nyuma ya mlima, na anga ikafunguka bluu juu ya ziwa, basi tundu limefika. Ni wakati wa kukimbia: mwenye mgonjwa ampeleke, mwenye safari aondoke, mwenye samaki awafunue wapate hewa. Katika miaka yake yote ufukoni, tundu lilimdanganya mara chache mno, na hizo chache alizisimulia mwenyewe huku akicheka.

Jeancy alikulia ndani ya elimu hiyo. Alipokuwa mtoto alikuwa hatoki nyumbani bila kuuliza, "Mama, tundu limefika?" Aliondoka Uvira wakati wa vita, akavuka ziwa hadi kambi ya wakimbizi Tanzania, akakaa huko miaka kumi na mmoja. Huko akamwoa Amandine, msichana wa Sange, na kutoka huko makaratasi yao yakawapeleka Marekani, katika mji wa Buffalo. Mama yake alipoambiwa kwamba mji huo nao uko kando ya ziwa, aliona faraja.

"Afazali," alimwambia rafiki yake Dalila. "Hata akipotea, atauliza maji."

Dalila alikuwa mjane wa ukoo wa Lukumani, Waislamu wa siku nyingi hapo mjini, mwenye duka la chumvi, mafuta na mifuko kando ya barabara, hatua mia kutoka ufukoni. Nusu ya siku alikuwa dukani, nusu nyingine alikuwa ufukoni akikausha samaki wake karibu na wa Léocadie na kutafuta mtu wa kumtania.

Majira ya kwanza ya baridi, mwezi wa kumi na moja, Jeancy alituma video. Ziwa lilikuwa linatoa moshi. Moshi mweupe ulisimama juu ya maji kama wa sufuria, ukapanda, ukawa wingu, na wingu likaenda nchi kavu kumwaga unga mweupe juu ya nyumba.

"Mama, ona, ziwa linaungua!"

Léocadie aliitazama mara tatu. "Haliungui. Maji iko na joto bado ya wakati wa jua, upepo njo iko baridi. Ule ni mvuke. Ni mvula tu, mwanangu, ila imeganda."

Jeancy alistaajabu. "Njo vile mwalimu wetu wa Kiingereza alituelezea. Wanaiita theluji ya ziwa. Weye umejuaje?"

"Ziwa ni ziwa."

Dalila alisikia yote. Alipiga makofi hadi wenzake wakageuka. "Jameni! Mama Meteo sasa anapima mpaka Amerika! Kesho watamletea ofisi na kiti cha kuzunguka!"

Tangu siku hiyo ikawa desturi. Asubuhi za baridi, ambazo kwa Uvira ni mchana, Jeancy alipiga simu na kueleza mbingu yake, na mama alitafuta tundu. Mara ya kwanza ilikuwa safari ya kanisani. Mara ya pili Amandine alikuwa mjamzito na alitakiwa hospitalini. Mara zote mbili Léocadie alisema ngojeni, kisha akasema tokeni, na mara zote mbili wakafika bila shida. Jeancy aliwasimulia wenzake wa kazini. Mama yake hakusimulia, lakini alianza kutembea ufukoni kama mtu mwenye mashamba mawili.

Ikaja Novemba ya tatu.

Ilikuwa Alhamisi, katika siku za giza, mwezi ukiwa haupo na taa za wavuvi zikivuta samaki wengi. Mitumbwi ilikuwa imeshusha ndagala tangu alfajiri, na ufuko mzima uling'aa kuanzia kwenye majani hadi mahali ambapo maji, yaliyopanda miaka hii ya karibuni, yamekula uwanja wa zamani wa kuanikia. Jua lilikuwa kali. Saa nane na nusu mchana simu ya Léocadie iliita. Jeancy alikuwa kwenye mlango wa kiwanda cha jibini alikofanya kazi ya usiku. Kwake ilikuwa saa moja na nusu asubuhi.

"Mama, shikamoo. Leo ni kubwa. Imeanguka usiku mzima, na radi ndani yake."

"Radi ndani ya theluji?"

"Ndiyo, radi kabisa. Wenzangu wamesema watalala humu, mu chumba cha kulia. Lakini Amandine iko peke yake na mtoto, na umeme unakatika-katika."

"Radi iko wapi sasa?"

"Imeenda. Naisikia mbali, kule nchi kavu."

"Na juu ya ziwa?"

Alisikia mlango ukifunguliwa, upepo ukiingia kwenye simu, na viatu vikisaga kitu kama chumvi.

"Bluu, mama. Bluu safi kabisa. Hata jua naliona."

Kwa Léocadie mambo yote mawili yalikuwa mahali pake, radi imekwenda na ziwa limefunguka. Hakuhitaji kufikiri, na baadaye hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba hakufikiri hata kidogo.

"Basi ndilo tundu. Toka sasa hivi, usingoje."

"Sawa, Mama Meteo," alisema Jeancy akicheka, na mlango wa gari ukagongwa.

Kutoka kiwandani hadi nyumbani kwake ilikuwa dakika ishirini na tano, hata kwenye theluji arobaini. Léocadie aliwageuza samaki upande wa pili. Alipomaliza, simu iliita tena. Alikuwa Amandine.

"Mama, Jeancy amekupigia?"

"Amesema anatoka. Hajafika?"

"Hajafika. Hapa haionekani hata nyumba ya jirani." Mtoto alilia nyuma yake. "Nilimwambia abaki, mama. Nilimwambia alale kazini. Akasema, mama amesema tundu limefika."

Hakulisema kwa ubaya. Amandine alikuwa mkwe mwenye adabu, na hata katika hofu alishusha sauti. Léocadie alijibu kwamba atampigia, akakata, akapiga. Sauti ya mwanamke wa Kizungu ilisema maneno yake na kunyamaza. Akapiga tena. Mwanamke yule akasema yaleyale.

Saa tisa na dakika ishirini ujumbe wa sauti uliingia. Ulikuwa wa Jeancy, na ulikuwa mfupi.

"Mama, tundu limefunga. Limefunga palepale nikiwa njiani, kama muntu amevuta pazia. Sioni hata pua ya gari. Nimesimama. Usiwe na hofu, nimefunga vioo vyote na nimewasha moteri, iko na joto humu. Theluji imefika kwenye mlango. Simu inakaribia kuzima."

Léocadie alisikiliza akiwa amesimama katikati ya samaki. Mara ya kwanza alisikia uhai wa mwanawe, akashukuru. Mara ya pili alisikia maneno. Vioo vyote. Moteri. Theluji imefika kwenye mlango.

Kila mtu wa Uvira anajua kifo cha mbabula. Ni jiko la makaa, na watu wengi hawana jingine. Mvua ikinyesha sana, kuna wanaoliingiza chumbani ili wapate joto, wanafunga mlango na dirisha, na kesho yake majirani wanavunja mlango. Mtaani kwa Léocadie walikufa hivyo mume na mke wake kijana, na yeye mwenyewe alisaidia kuwaosha. Walikuwa hawana jeraha. Walikuwa kama watu waliolala vizuri. Gari nalo lina moshi wake, na moshi huo hutokea nyuma, chini. Kama theluji imefika mlangoni, basi bomba la moshi limeshazibwa, na moshi unatafuta njia nyingine.

Alibonyeza simu akasema kwa nguvu ambayo wanawake wote waliisikia: "Jeancy! Zima moteri! Fungua kioo, hata kidogo, hata kama ni baridi! Ni mbabula, mwanangu, ni sawa na mbabula! Usilale! Zima moteri!"

Ujumbe uliondoka. Pembeni yake kikatokea kialama kimoja cha kijivu. Kimoja maana yake umetoka kwako. Viwili, umefika kwake. Léocadie alikitazama kile kimoja na kungoja ndugu yake, kile cha pili.

Alidhani ni rezo, mtandao wa simu wa hapo. Alitembea hadi barabarani, simu ameiinua juu ya kichwa. Akapanda kwenye rundo la mawe mbele ya duka la Dalila. Akatuma tena maneno yaleyale, kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba sauti kubwa ingeweza kuvuka bahari. Kialama kimoja. Akamtumia Amandine. Kwa Amandine vilitokea viwili upesi, na Amandine akajibu kwamba amepiga simu ya watu wa uokozi, wamesema barabara zimefungwa, wana magari mengi ya kutafuta, angoje.

"Angoje nini?" Léocadie aliuliza hewa.

Nyuma yake maji yalikuwa yananuka chuma. Upepo ulikuwa umekufa. Vilima vya Burundi vilikuwa vimeanza kufutika kutoka kusini. Kule ufukoni wanawake wanane waliendelea kugeuza samaki, na kila baada ya muda mmoja wao aliinua macho kuangalia kitenge cha Mama Meteo. Kitenge kilikuwa kimeshuka hadi kwenye visigino. Walirudi kazini wakiwa na amani.

Dalila ndiye aliyeona kwanza, kwa sababu alikuwa dukani na hakuwa akitazama kitenge.

"Mama Jeancy! Mvula! Mvula iko hapa!"

Matone ya kwanza yalishaanguka. Wanawake waliruka, wengine wakavuta nyavu, mmoja akateleza na turubai lake, lakini mvua haikuwapa hata dakika mbili. Ilishuka yote kwa pamoja. Samaki wa siku nzima walianza kutembea juu ya mchanga, wakielekea ziwani walikotoka.

"Leo meteo imelala!" mmoja alipiga kelele kwa uchungu.

"Nyamaza weye!" Dalila alijibu akiwa anakimbia na kanga kichwani. "Mtoto wake iko mu hatari, weye unahesabu ndagala!"

Yule mwanamke aliachia wavu wake. Kisha akauliza nani, Jeancy? Yule Jeancy wa theluji? Na wote waliolowa wakasimama kutazama upande wa barabara.

Léocadie alikuwa ameshuka kwenye mawe. Alipita katikati yao bila kuwaona, akaingia majini hadi magotini. Wote walielewa. Kwenye ufuko ule, mtumbwi ukichelewa katika dhoruba, wanawake wa mvuvi huingia majini hadi hapo na kuita jina lake kwa zamu, ili aliyepotea kwenye giza la mvua ajue nchi kavu iko wapi. Wapo waliorudi kwa kuitwa hivyo. Léocadie mwenyewe aliwahi kumwita marehemu mume wake kwa saa mbili, na mume akatokea akitetemeka, akasema, nilisikia kelele zako, mke wangu, nikajua njia ni ile.

Alifungua mdomo. Mvua ilimpiga usoni. Mbele yake palikuwa na ukuta wa kijivu, na nyuma ya ukuta Burundi, na nyuma ya Burundi nchi nyingine ambazo hakuzijua majina, na bahari, na mahali fulani huko gari dogo lenye vioo vilivyofungwa. Hakujua ageukie upande gani. Aligeuka kaskazini, kisha magharibi. Mdomo ulibaki wazi bila jina.

Dalila aliingia majini na viatu vyake, akamshika mkono.

"Twende, dada yangu. Maji haya hayafiki kule."

Walikaa kwenye veranda ya duka. Dalila alimvika shuka kavu, akamletea chai ambayo haikunywewa. Simu iliwekwa juu ya gunia la chumvi katikati yao kama mgonjwa. Kila dakika Léocadie aliigusa ili mwanga usizime. Kialama kimoja.

"Hapa kwetu ningejua," alisema mara moja. "Ningeenda kwa Cyprien mwenye mtumbwi wa moteri. Cyprien akikataa ningeenda kwa kaka yake. Ningekaa mlangoni kwao nilie mpaka watoke. Kule nitalia mlangoni kwa nani?"

"Kwa Mungu," alisema Dalila.

"Mungu anajua. Gari ndilo halijui."

Dalila alimsogezea chai karibu. Wakati wa swala ulipofika alitandika mkeka wake palepale, kati ya madumu ya mafuta, akaswali. Léocadie alitoa rozari yake. Alianza Salamu Maria, akafika katikati, akajikuta anasema zima moteri, zima moteri, zima moteri, na punje zikipita kidoleni.

Mvua ya Uvira iliisha. Radi ilihamia nyuma ya Mitumba, anga ikafunguka bluu juu ya ziwa, na vilima vya Burundi vikarudi kimoja kimoja vikiwa vimeoshwa. Tundu safi kama yale aliyokuwa akiwaonyesha watu maisha yake yote. Léocadie aliliona akageuza kiti, akaketi akiligeuzia mgongo.

Saa kumi na moja na dakika arobaini Amandine alipiga. Alikuwa analia, na kwa muda wale wawili kwenye veranda hawakujua ni kilio cha aina gani.

"Wamempata! Mama, wamempata, iko hospitalini, anapumua!"

Habari yenyewe ilikuja vipande vipande, na kamili ilijulikana baada ya siku kadhaa. Hakuwa mwokozi yeyote aliyetumwa. Barabarani pale palikuwa na magari mengine yaliyozama, na mzee mmoja aliyeishi karibu alitoka na koleo kutafuta gari lake mwenyewe. Alichimba nundu ya theluji isiyokuwa yake. Alipofika kwenye kioo aliona si gari lake, akakasirika, akataka kuondoka. Ndipo alipoona mkono. Jeancy alikuwa amekaa kwenye usukani, kichwa kimeegemea, amelala. Moteri ilikuwa inanguruma taratibu. Mzee alivunja kioo kwa koleo.

Ujumbe wa mama ulifika kesho yake jioni, simu ilipochomekwa kwenye umeme pembeni ya kitanda. Jeancy alikuwa na mipira ya hewa puani. Alisikiliza ile sauti ikimpigia kelele azime moteri, mara mbili, mara tatu, kila ujumbe kwa nguvu zaidi. Upande wa pili wa dunia, kwenye simu ya Léocadie, vialama vikawa viwili.

Alipopata nguvu alipiga.

"Minye ndiye niliyekutoa," Léocadie alianza kabla hata ya salamu. "Wenzako walilala, wako wazima. Minye nilikuambia toka."

"Hapana, mama."

"Nilimwambia nani basi?"

"Nilikuwa nimeshika ufunguo tayari." Alikohoa kwa muda mrefu. "Redio ilisema tubaki. Shefu wa kazi alisema tubaki. Amandine alisema. Minye nilikuwa natafuta muntu mumoja tu wa kuniambia ndiyo. Nilijua utasema ndiyo nikikuambia bluu."

Alijaribu kumweleza. Huku, alisema, mvua haihami kwenda mlimani, kwa maana hakuna mlima. Ziwa likiwa na joto na upepo ukiwa baridi, wingu linasukwa siku mbili, tatu, bila kuchoka. Ni jembamba kama barabara. Upande huu jua, upande ule huoni mkono wako. Upepo ukigeuka kidogo tu, linafagia kwenda huko na kurudi. Lile bluu halikuwa mwisho wa kitu chochote. Wingu lilikuwa limesogea tu, kisha likarudi.

"Basi hakuna tundu," alisema mama.

"Liko, ila halina maana."

Léocadie alifikiri juu ya neno hilo siku nyingi. Ufukoni walimsamehe upesi, na wenye kinyongo Dalila aliwamaliza kwa mdomo. Kitenge chake kiliendelea kufanya kazi. Mara mbili wiki hiyo alikifunga juu ya magoti na mara mbili mvua ikaja. Lakini sasa, kabla ya kukifunga, mkono ulisita hewani. Wanawake waliuona ule mkono na hawakujua wafanye nini nao.

Wiki ya pili ya Desemba Jeancy alirudi kazini. Alikuwa amepoteza kucha tatu za mguu kwa baridi iliyoingia kioo kilipovunjwa, na kichwa kilimuuma akipanda ngazi, lakini kazi ilikuwa ileile, ya usiku, na barabara ileile. Saa nane na nusu mchana simu iliita ufukoni.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Uko wapi?"

"Mlangoni kwa kiwanda. Imeanguka tangu saa tisa ya usiku. Sasa imesimama."

Swali lilikuwa pale kati yao, na kila mmoja alingoja mwenzake alichukue.

"Redio inasema nini?" aliuliza Léocadie.

"Inasema barabara iko wazi, ila muntu awe mwangalifu. Wenzangu nusu wanatoka, nusu wanabaki." Mama alisikia mlango, upepo, viatu vikisaga chumvi. "Juu ya ziwa naona mwanga, mama. Nitoke ao ningoje?"

Dalila, aliyekuwa anageuza samaki wake, alisimama. Wanawake wengine waliona Dalila amesimama, nao wakasimama.

Mbele ya Léocadie ziwa lilikuwa wazi hadi Burundi. Alilitazama lote. Angeweza kusema mvua itakuja saa ngapi hapo, itaanzia kilima gani, na nani asianike leo. Alitafuta neno moja la kumpa mwanawe, na hakulipata.

"Sijui," alisema.

"Hata weye?"

"Hata minye, mwanangu. Sijui."

Jeancy hakucheka. "Sawa, mama," alisema. "Nitatoka polepole. Kioo nitakiacha wazi kidogo."

"Kiache."

"Usikate. Nitaweka simu hapa pembeni. Usiseme kitu, kaa tu."

Alikaa. Léocadie aliketi kwenye mchanga kati ya nyavu, simu sikioni, mkono mwingine umeziba sikio la pili. Alisikia ufunguo, moteri ikikohoa na kushika, vifuta kioo vikienda na kurudi, upepo ukipiga filimbi kwenye ule upenyo wa kioo. Alisikia mwanawe akikohoa. Alifuata kila kona asiyoijua. Mara gari lilipunguza mwendo na moyo wake ukapungua nalo, mara likaongeza. Zilipita dakika tisa, kumi, kumi na tano.

Kisha mega za intaneti zikaisha, na simu ikawa kimya. Aliendelea kuishika sikioni.